Kujenga kazi ya usomi katika sheria ya kimataifa ya umma: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ya wanafunzi wa sheria kuhusu kazi hii ni yale yale kila mwaka. Nianzie wapi? Lazima nijue Kifaransa? Nifanye kwanza mafunzo kazini Umoja wa Mataifa, au niende moja kwa moja kwenye uzamivu? Mbona nina vyeti vingi na hakuna chuo kinachoniita hata kwenye usaili? Majibu yake nimeyaweka hapa kwa pamoja, kwa utaratibu wa kazi yenyewe inavyokwenda.

Kuna jambo moja ulishike mapema. Katika fani hii mtu hujulikana kwa swali analolishughulikia. Mtajie mwanasheria wa kimataifa jina la James Crawford, atakujibu papo hapo: uwajibikaji wa dola, yaani lini dola hubeba dhima kwa kuvunja sheria ya kimataifa. Crawford alikuwa profesa Cambridge, akaandaa ripoti zilizoiwezesha Tume ya Sheria ya Kimataifa, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoandaa kanuni za sheria hiyo, kukamilisha vifungu 59 vya uwajibikaji wa dola mwaka 2001, na mwaka 2015 akaingia Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) kama jaji. Semina na picha za pamoja mbele ya Kasri la Amani, makao ya ICJ huko The Hague, hazimjengei mtu jina la namna hiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kulipata swali, kulifanyia kazi na kulitoa hadharani.

Mwongozo unahusu sheria ya kimataifa ya umma tu, yaani ile inayotawala mahusiano ya dola na mashirika yao. Kama unachopenda ni mikataba ya biashara au mirathi inayovuka mipaka, huo ni mlango mwingine.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Shahada ya kwanza ya sheria, au uwe unaikaribia. Wapo wasomi wazuri waliotokea sayansi ya siasa na historia, lakini vitivo vingi vya sheria huitaka shahada ya sheria wakati wa kuajiri.
- Kiingereza cha kuandika na Kifaransa cha kusoma. Hizo ndizo lugha mbili rasmi za ICJ. Katika kesi ya LaGrand ya mwaka 2001 Mahakama ililazimika kulinganisha maandishi ya lugha zote mbili ya Kifungu cha 41 cha Hati yake ndipo ikaamua kwamba amri zake za muda zinazifunga dola. Aliyesoma upande mmoja tu asingeuelewa mgogoro huo vizuri.
- Nakala zako mwenyewe za Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Hati ya ICJ, Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba, na vile vifungu vya 2001 pamoja na maelezo yake. Zote hupatikana bure mtandaoni. Zichapishe, uziandike pembeni, zichakae.
- Programu ya kutunza marejeo. Zotero ni ya bure na inatosha.
- Mpango wa kujikimu. Uzamivu huchukua miaka mitatu hadi mitano, mara nyingine zaidi. Kuuanza bila ufadhili wala mshahara kunawezekana, ila ndilo jambo linalowaangusha watu wengi wenye uwezo.
- Mtu mmoja wa kukusomea rasimu bila kukuonea haya.

Hatua

1. Jifunze kusoma hukumu nzima. Anza na tatu: Lotus ya 1927 (ya mahakama iliyoitangulia ICJ), Rafu ya Bara ya Bahari ya Kaskazini ya 1969, na Nikaragua dhidi ya Marekani ya 1986. Kwa kila moja andika ukurasa mmoja: mambo yaliyotokea, swali lililokuwa mbele ya majaji, sheria waliyoitumia na walikoipata, aya hasa zenye hoja ya uamuzi, na kura.

Kisha soma maoni ya majaji waliopinga. Wengi huyaruka, na hapo ndipo wanapopoteza nusu ya elimu. Mwaka 1966 kesi ya Afrika Kusini Magharibi (Namibia ya leo), iliyofunguliwa na Ethiopia na Liberia dhidi ya Afrika Kusini, iliishia kura 7 kwa 7, ikatupwa kwa kura ya uamuzi ya Rais wa Mahakama. Maoni ya Jaji Tanaka aliyepinga bado yanafundishwa kuhusu usawa wa binadamu, ilhali hukumu yenyewe hutajwa zaidi kama aibu.

*Angalizo:* muhtasari wa kesi ni msaada wa kukumbuka ulichokwisha kusoma. Ukinukuu hukumu uliyoijua kwa muhtasari tu, msomaji mzoefu atakugundua kwenye tanbihi ya kwanza.

2. Shiriki mahakama ya kuigiza, yaani mashindano ya wanafunzi ya kutetea kesi ya kubuni, angalau mara moja. Mashindano ya Jessup, yaliyoanza mwaka 1960, ndiyo makubwa zaidi katika fani hii. Utajifunza kutetea upande usioupenda na kuandika hoja kwa ukomo wa maneno. Mara moja au mbili zinatosha. Ukishiriki mwaka hadi mwaka unageuka fundi wa mashindano, na vyuo haviajiri kwa kazi hiyo.

3. Chagua uzamili kwa kufuata watu. Jina kubwa la chuo husaidia kidogo. Anayekufundisha husaidia zaidi. Kabla ya kuomba, tafuta ni nani pale anaandika juu ya mambo yanayokuvutia, soma makala zake mbili, na uhakikishe kwamba mwaka huo hatakuwa likizo ya utafiti. Chagua programu yenye tasnifu, hata kama ile ya kozi tupu ni nyepesi. Tasnifu ya uzamili ndiyo jaribio lako la kwanza la kujua kama kazi hii unaiweza na kama unaipenda. Ukiona miezi minne ya kukaa na swali moja ni adhabu, umepata jibu la maana kwa gharama ndogo.

4. Tafuta swali. Hii ndiyo hatua inayochukua muda mrefu, na ndiyo ambayo watu huikimbia. "Sheria ya kimataifa na mabadiliko ya tabianchi" ni mada ya kongamano. Hata "haki za binadamu katika vita" haijawa swali. Swali huishia na alama ya kuuliza, na jibu lake linaweza kuwa ndiyo au hapana kwa sababu zinazoweza kubishaniwa.

Maswali mazuri hupatikana zaidi sehemu tatu.

Ya kwanza ni pale mahakama mbili zinapogongana. Mwaka 1986, katika kesi ya Nikaragua, ICJ ilisema dola hubeba matendo ya kundi lenye silaha kama ilikuwa na udhibiti halisi wa operesheni zenyewe. Mwaka 1999 mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani, katika rufaa ya Tadić, ikasema udhibiti wa jumla unatosha. ICJ ikarudi mwaka 2007 katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia na kushikilia kipimo chake. Mgongano huo umelisha tasnifu nyingi, na kila vita vipya vya wapiganaji wanaofadhiliwa kutoka nje huufufua.

Ya pili ni pale dola zinaposema hivi na kutenda vile.

Ya tatu ni pale jambo jipya linapozikuta kanuni za zamani. Je, dola ambayo ardhi yake inamezwa na bahari inabaki na maeneo ya bahari iliyokwisha kuyatangaza? Miaka kumi iliyopita hilo lilikuwa swali zuri kama lilivyo. Leo halitoshi, maana ICJ iligusa jambo hilo katika maoni yake ya ushauri ya tarehe 23 Julai 2025: Mkataba wa Sheria ya Bahari haulazimishi dola kubadili ramani zake zilizokwisha kuwekwa kwa utaratibu kwa sababu tu bahari imepanda. Anayelichukua sasa aanzie pale Mahakama ilipoachia. Na wanaodhani maswali ya maana ni ya maprofesa tu wakumbuke kwamba vuguvugu lililozaa maoni hayo lilianzishwa mwaka 2019 na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, Vanuatu ikalibeba, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaomba maoni tarehe 29 Machi 2023.

Ukishapata swali, lipime. Nyaraka zake unaweza kuzifikia, au zimefungiwa kwenye wizara fulani? Lugha zake unazijua? Litakuwa hai baada ya miaka minne? Je, unaweza kukubali jibu usilolipenda? Kama umeshaamua nani mwenye haki kabla ya kusoma, unachoandaa ni utetezi. Utetezi ni kazi halali kabisa, ila ifanyie mahakamani.

5. Mwandikie msimamizi barua fupi. Aya nne: wewe ni nani, kwa sentensi mbili, swali lako, kwa nini yeye, ukitaja hoja mahususi kutoka kwenye makala yake na unapokubaliana au kutofautiana nayo, na unachoomba. Ambatisha andiko la utafiti lenye kurasa tatu hadi tano na sampuli moja ya maandishi yako.

*Angalizo:* usitume barua ile ile kwa watu ishirini ukibadilisha majina. Hutambulika mara moja. Na usimchague mtu kwa umaarufu wake tu. Profesa anayeishi uwanja wa ndege kati ya mahakama na mahakama anaweza kukusomea sura moja kwa mwaka. Waulize wanafunzi wake wa sasa, kwa faragha, hurudisha rasimu baada ya muda gani.

6. Fanya tasnifu kutoka kwenye nyaraka za mwanzo. Mkataba wowote ufasiri kwa Kifungu cha 31 hadi cha 33 cha Mkataba wa Vienna, kwa utaratibu wake. Kumbukumbu za majadiliano ya kuandaa mkataba zina nafasi katika Kifungu cha 32 kama njia ya ziada. Usianze nazo kwa sababu tu zimekupa jibu tamu.

Ukidai kwamba jambo fulani ni sheria ya desturi, onyesha vitu viwili: mwenendo wa dola ulioenea na unaofanana, na kukubali kwa dola hizo kwamba mwenendo huo ni sheria. Mwaka 2018 Tume ya Sheria ya Kimataifa ilitoa mahitimisho 16 kuhusu namna ya kutambua desturi. Yasome pamoja na maelezo yake kabla ya kuandika sura ya mbinu. Kosa la kawaida hapa ni kukusanya mwenendo wa dola tano au sita zenye tovuti nzuri kisha kuuita wa dunia nzima. Pitia hotuba za Kamati ya Sita ya Baraza Kuu, ile ya masuala ya sheria, ambako hata dola ndogo husema msimamo wao kuhusu kazi ya Tume.

Jifunze alama za nyaraka za Umoja wa Mataifa. Zinazoanza na A/CN.4 ni za Tume ya Sheria ya Kimataifa, A/RES ni maazimio ya Baraza Kuu, S/RES ya Baraza la Usalama. Ukizijua unafika kwenye waraka wenyewe kwa dakika mbili, na mkutubi atakuheshimu.

Weka tarehe ya kufunga utafiti na uiandike kwenye utangulizi. Bila tarehe hiyo kila habari ya asubuhi itakuvuruga.

7. Chapisha kidogo, mahali panaposomwa. Makala moja nzuri kabla ya kumaliza uzamivu ni lengo la kutosha, mbili ni neema. Itoe kwenye sura iliyokomaa zaidi, lakini usiikate tu na kuibandika: makala ina hoja moja, sura ina nne.

Chagua jarida kwa kuangalia tanbihi zako. Majarida unayoyanukuu sana ndiyo yenye wasomaji wako. American Journal of International Law lipo tangu 1907, European Journal of International Law tangu 1990, na vipo vitabu vya mwaka vya kanda mbalimbali, kama African Yearbook of International Law, ambavyo husomwa kwa makini na watu wa kanda hizo. Fuata mtindo wa tanbihi wa jarida husika tangu siku ya kwanza.

*Angalizo kubwa:* majarida yanayotumia wahakiki hupokea makala ambayo haijatumwa kwingine. Kutuma mawili kwa wakati mmoja ni kosa la maadili, na wahariri hujuana. Majarida ya vyuo vya Marekani yanayohaririwa na wanafunzi ndiyo yenye desturi tofauti. Huko kutuma kwa mengi kwa pamoja kunaruhusiwa. Jihadhari pia na majarida yanayokuandikia yenyewe kwa sifa nyingi, yakiahidi kuchapisha ndani ya wiki na kuomba ada. Makala iliyozikwa humo huwezi kuichapisha tena kwingine.

8. Nenda The Hague na Geneva ukiwa na swali mkononi. Chuo cha Sheria ya Kimataifa cha The Hague, kilichoanzishwa mwaka 1923, hutoa kozi za kiangazi za wiki tatu za sheria ya umma, na ufadhili upo. Cheti cha mahudhurio hupewa anayehudhuria. Diploma yake ni kitu kingine kabisa: ina mtihani mgumu na huipata wachache. Usivichanganye kwenye wasifu wako, wanaosoma wasifu wanajua tofauti. Geneva kuna Semina ya Sheria ya Kimataifa, iliyopo tangu 1965, inayofanyika sambamba na kikao cha Tume. Nayo ICJ huchukua wahitimu wachache kila mwaka kufanya kazi na majaji, lakini huteuliwa na vyuo vyao, kwa hiyo uliza kitivo chako mapema.

Asiyeweza kusafiri asikate tamaa. Maktaba ya Sauti na Picha ya Umoja wa Mataifa, iliyozinduliwa mwaka 2008, ina mihadhara ya bure ya wakubwa wa fani.

9. Omba kazi kwa kujua kanuni za nchi husika. Ngazi hazifanani. Ujerumani kwa jadi hudai Habilitation, yaani kazi ya pili kubwa baada ya uzamivu. Ufaransa ina shindano la kitaifa la agrégation la maprofesa wa sheria ya umma. Uingereza utaanza kama mhadhiri na kupanda kwa machapisho, ufundishaji na utawala. Marekani kuna kipindi cha majaribio kabla ya kupata ajira ya kudumu. Soma tangazo mara tatu.

Kwenye usaili utaulizwa utafundisha nini zaidi ya fani yako. Andaa kozi moja ya lazima, kama sheria ya katiba au utangulizi wa sheria, kwa sababu kitivo hakiwezi kulipa mtu wa kufundisha semina ya watu wanane peke yake.

10. Toka nje ya chuo, lakini sema uko upande gani. Wengi waliofika mbali walichanganya chuo na utumishi. Martti Koskenniemi alifanya kazi wizara ya mambo ya nje ya Finland kabla ya kuwa profesa. Rosalyn Higgins alikuwa profesa na mjumbe wa Kamati ya Haki za Binadamu kabla ya kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa jaji wa ICJ, mwaka 1995. Taslim Elias wa Nigeria alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria Lagos na mjumbe wa Tume ya Sheria ya Kimataifa, kisha akawa Rais wa Mahakama hiyo. Kifungu cha 38 cha Hati ya ICJ kinayataja mafundisho ya wasomi mahiri kama njia saidizi ya kutambua kanuni za sheria, hivyo unachoandika kinaweza kutumika kortini. Ukiwa umeishauri dola katika mgogoro, liseme hilo kwenye tanbihi ya kwanza ya makala yako kuhusu mgogoro huo.

Ukikwama

*Mahakama imetoa uamuzi juu ya swali langu nikiwa katikati.* Usibadili mada kabla ya kusoma uamuzi wote na maoni ya kila jaji. Mara nyingi huacha zaidi ya inachojibu. Swali lako ligeuze: kutoka "sheria inasema nini?" hadi "je, hoja hii ya Mahakama inasimama?"

*Makala imekataliwa mara tatu.* Weka ripoti za wahakiki pamoja. Wakilalamikia jambo moja, wana haki, rekebisha. Kila mmoja akilalamikia lake, huenda hoja yako imefichwa. Ipeleke aya ya pili. Zikikataliwa na wahariri bila kufika kwa wahakiki, umekosea jarida au muhtasari wako haueleweki.

*Msimamizi hajibu.* Acha kuuliza "maoni yako ni yapi?" Tuma kurasa kumi, maswali mawili mahususi, na tarehe utakayoendelea nayo. Kimya kikizidi miezi mitatu, zungumza na mratibu wa uzamivu kwa maandishi.

*Kifaransa kinanishinda.* Ripoti za ICJ huchapishwa kurasa mbili zikitazamana, Kifaransa upande huu na Kiingereza upande huu. Soma ukurasa mmoja kila siku kutoka kesi unayoijua tayari. Lengo ni kusoma sheria, kuagiza chakula utajifunza ukifika.

*Sina maktaba nzuri.* Hukumu, mikataba na nyaraka za Umoja wa Mataifa ni bure. Kwa makala za kulipia, tafuta rasimu SSRN, hifadhi ya mtandaoni ya rasimu za makala, au mwandikie mwandishi mwenyewe. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, wakifurahi kwamba kuna mtu anawasoma.

*Nimemaliza uzamivu na ajira hakuna.* Jiwekee muda wa mwisho, tuseme miaka miwili. Katika muda huo andaa pendekezo la kitabu kutokana na tasnifu, omba nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu, na fundisha kozi moja ya muda popote watakapokupa. Omba pia ofisi za sheria za wizara, mashirika ya kimataifa na sekretarieti za mikataba. Huko utaziona nyaraka ambazo walioko chuoni huzisubiri kwa miaka, ila uliza kabla ya kutia saini mkataba wa kazi kama utaruhusiwa kuchapisha kwa jina lako.